Petroli Katika Kisima cha Shemeji

Jumatatu, 3 Machi
Mama mkwe ameniharibia wiki. Amekwenda ofisi ya maji na chai yake kwenye chupa! Kawaambia kisima chake kinanuka mafuta, na kwamba yeye hamtaji mtu, ila mkwewe ana kituo cha mafuta hapo mteremkoni, juu kidogo ya nyumba yake. Hamtaji mtu! Mke wangu kaniuliza tangi letu lilipimwa lini mara ya mwisho. Nikajitia hamnazo, nikaulizia chakula. Tangi ni la zamani, najua mimi na Mungu wangu. Likikutwa linavuja, leseni inakwenda na kituo kinafungwa. Shemeji, kaka wa mke wangu, mwenye gereji hapo jirani, amekuja kunipa pole. Pole yenye meno yote nje.

Jumatano, 5 Machi
Wamefika. Mtaalamu wao ni mama mmoja mkavu ambaye havui kofia ngumu hata akinywa soda. Nimempa jina la Kofia Ngumu. Watachimba visima vyembamba, si vya kunywa, vya kupeleleza tu: kimoja kwangu karibu na tangi, kimoja gerejini kwa shemeji, na kimoja kule juu kwenye uwanja wa ofisi ya maji yenyewe, ambako maji bado ni safi, wapate cha kulinganishia. Kapigilia vigingi mahali pa kuchimba. Alipogeuka nikang'oa changu, nikakihamishia kwenye maua, mbali na tangi. Akarudi na futi, akapima, akakirudisha. Akasema labda ni mbuzi. Nikakubali kwamba mbuzi wa hapa ni wasumbufu mno. Mtaa huu sijawahi kuona mbuzi.

Ijumaa, 7 Machi
Mtambo umenguruma kutwa, wateja wamekimbia. Wanashusha bomba la plastiki lenye vitundu chini, wanazungushia kokoto, wanaziba juu kwa saruji, halafu kifuniko na kufuli. Kufuli! Nilitaka kulia. Lakini mimi ni mimi. Nikajitolea kuwatunzia vifaa ofisini kwangu, na ufunguo pia, kwa mapenzi yangu kwa mazingira. Kofia Ngumu kanishukuru mbele ya watu. Ufunguo mmoja unafungua visima vyote! Nikapitia kwa fundi, nikachongesha wa pili. Huwezi kujua.

Jumamosi, 8 Machi
Wachimbaji walipokwenda kula, nilifungua kisima changu nikamimina maji ya chupa, katoni baada ya katoni, yale yale ninayouza dukani. Maji ya kunywa! Wakipima watakuta afya tupu. Mgongo unaniuma lakini roho kwatu. Shemeji kachungulia ukutani, kauliza kama siku hizi namwagilia saruji. Nikamwambia ashughulike na magari yake mabovu.

Jumatatu, 10 Machi
Balaa! Mchimbaji mmoja, katika maongezi tu, kaniambia kwamba kabla ya kuchukua sampuli huwa wanavuta maji yote yaliyosimama bombani na kuyamwaga, mpaka yaje mapya kutoka ardhini. Katoni zangu! Basi, kama ni kuzama, sizami peke yangu. Mchana shemeji alikwenda kwa mama yake kunywa chai (hiyo hiyo ya kunuka). Nikaingia gerejini kwake na galoni ya petroli ndani ya koti. Nikafungua kisima chake, nikamimina yote, nikafunga, nikafuta kufuli kwa leso. Kazi safi. Nyumbani mke wangu kasema nanuka petroli. Nikamuuliza mke wa mwenye kituo alitegemea nini, marashi?

Jumanne, 11 Machi
Sampuli zimechukuliwa. Kwa shemeji, Kofia Ngumu alishusha kwanza kijiti chake cha kupimia, kabla ya kuvuta maji. Akanusa. Akashusha tena. Akaandika sana. Nimelala kama mtoto.

Ijumaa, 21 Machi
Majibu ya maabara. Tulikusanywa ofisini kwangu: mimi, mke wangu, shemeji, na mama mkwe na chupa yake. Kofia Ngumu akasema kinachoharibu kisima cha mama ni oili chafu ya miaka mingi, inatoka kwenye shimo la gereji. Shemeji akainama. Kofia Ngumu akaendelea kwamba tangi langu ni zima, halivuji hata tone. Zima! Nilitaka kuibusu ile kofia. Mama mkwe akanitazama kwa mara ya kwanza kama binadamu. Ningekufa dakika ile ningekufa na heshima.

Lakini Kofia Ngumu alikuwa hajamaliza. Ndani ya bomba la shemeji, juu ya maji, imekutwa petroli mbichi inayoelea, haijapita kwenye udongo wowote. Imemiminwa kwa juu. Na kufuli halikuvunjwa. Akauliza, kwa adabu kabisa, ufunguo ulikuwa kwa nani.

Wote walinigeukia, mke wangu akiwa wa kwanza. Nikawaambia kuhusu mbuzi. Haikusaidia.

Jumapili, 23 Machi
Kituo kimefungwa, leseni imekwenda. Shemeji, mchafuzi halisi, kaambiwa tu afukue shimo lake na kulisafisha. Mama mkwe anampikia! Mimi napewa chakula na mlango unafungwa.

Nimefikiri sana. Kosa langu ni moja: nilitumia petroli. Mwenye akili angetumia oili chafu, isiyo na mwenyewe. Na kisima cha kumiminia hakikuwa kile. Wanarudi kupima mwezi wa sita. Kile cha juu, cha ofisi ya maji, kikikutwa na oili, nani atasema tena uchafu unaanzia huku kwetu? Na wao waonje kusingiziwa. Ufunguo wa pili bado ninao.

Nimemtuma mke wangu kwa kaka yake akaniombee galoni ya oili chafu. Nimemwambia ni ya kupaka ukutani, kuzuia mchwa. Kauliza mchwa gani, mbona yeye hajawaona. Nimemwambia wako njiani.