Mchinjaji wa Busia

Lenox wa Busia, upande wa Kenya, hakuwahi kufanya kazi iliyomtoa jasho. Msimu uliopita alisambaza madukani mbegu za mahindi zilizopakwa rangi, zisizoota kabisa. Sasa alikuwa akitafuta wajinga wapya, akakuta watu wakitukanana nje ya kibanda cha video. Walikuwa wametoka kuona filamu kuukuu ya miaka ya sabini: mchinjaji wa ng'ombe anawafukuza wasafiri kwa shoka, na picha yenyewe chafu kama dirisha la jikoni. Nusu walisema ni takataka. Nusu walisema ni sanaa, hata wasiojua sanaa ni nini. Lenox akainunua kwa bei ya chapati.

Akaiendesha pikipiki yake hadi Tororo, upande wa Uganda, kwa Opolot, mwenye ukumbi wa video na tamaa isiyo na breki.

"Mzee, filamu hii haijawahi kupatanisha watu. Wataona, watagombana, kesho watarudi na mashahidi. Nipe pikipiki yako, nikuachie."

Opolot akakuna kidevu. "Tuonyeshe leo mchana. Watu wakigawanyika, pikipiki yangu ni yako. Wakisema kwa mdomo mmoja, yako inabaki hapa, na filamu pia."

Lenox nusura apige vigelegele. Akawashibisha nyama ya nguruwe watu wawili: Othieno, mkulima wa Merikit, asifu, Eriku, mpiga debe, atukane. Huo mdomo mmoja ungetoka wapi?

Alimsahau VJ. Tororo filamu ya kigeni haitazamwi bila VJ, msimulizi wa kipaza sauti anayetafsiri na kuwabatiza wahusika majina anayotaka yeye. VJ wa Opolot alikuwa Loy, binti wa Iyolwa. Lenox, kwa majivuno yake ya kijinga, hakumjali. Loy alimtambua mlangoni, maana ndiye aliyeshusha zile mbegu dukani kwao, na mama yake alizipanda.

Mchinjaji akatokea na shoka. Loy akapaza sauti:

"Huyo sasa, jina yake Lenox! Leo nashika shoka, lakini juzi alishika mbegu ya mahindi ya rangi. Alipeleka Iyolwa, alipeleka Merikit. Mama yangu mpaka leo nangoja iote! Mukitaka kumwona bila shoka, amekaa pale nyuma, shati ya bluu."

Othieno akasimama, mafuta ya nguruwe bado mdomoni. Alikuwa amezipanda shamba zima.

"Kumbe ni wewe!"

"Othieno, tulikubaliana usifu!" Lenox akanong'ona.

"Nasifu nini? Mahindi gani? Hii filamu mbaya, na mwenyewe mbaya zaidi!"

"Mbaya!" akadakia Eriku, mtu pekee aliyefanya kazi aliyoshibishiwa.

"Mbaya!" ukumbi mzima ukaitikia.

Opolot akanyoosha mkono apewe ufunguo.

Wajuzi wa filamu bado wanabishana kama ile ni takataka au sanaa. Sauti ya Loy, hata hivyo, imerekodiwa kwa simu na kuvuka mpaka, na Busia nzima inaisikiliza. Juzi Lenox alikuwa akivuka kwa miguu, askari akamwuliza jina.

"Samuel," akajibu.

Foleni nzima ikasema kwa mdomo mmoja: "Lenox!"