Maoni Sabini na Mawili kwa Dakika Tatu

Jumatatu, 30 Juni
Kikao cha walimu. Direkta Dieudonné ametangaza kwamba Ijumaa, siku ya proklamasyo, matokeo yanaposomwa mbele ya wazazi wote, atamtaja prefe mpya, msimamizi wa masomo. Prefe ana ofisi. Ofisi ina feni! Tunaotajwa ni wawili: mimi, Hyacinthe, mwalimu wa darasa la saba A, na Madamu Esperance wa saba B, ambaye huandika maoni ya kila mtoto polepole kama anamwandikia mchumba. Direkta akaongeza kwamba akili bandia inaruhusiwa kutusaidia kuandaa masomo na mazoezi. Ila maoni ya kwenye buletini, yaani ripoti za matokeo, yaandikwe na anayemjua mtoto, na majina ya watoto yasiingizwe humo kabisa. Niliitikia kwa kichwa kuliko wote.

Jumanne, 1 Julai
Sikukuu ya Uhuru. Wenzangu wako kwenye gwaride. Mimi goti linauma (haliumi). Nimepiga picha orodha ya darasa, iliyopangwa kwa alfabeti, pamoja na alama, nikaipa mashine ya akili bandia. Maoni sabini na mawili, dakika tatu! Ni mazuri mno, nimejionea fahari. Nikalala hadi jioni.

Jumatano, 2 Julai
Kunakili. Nimekuta buletini zangu mezani, zimepangwa vizuri. Esperance ndiye aliyezipanga, eti kunisaidia. Ananihurumia! Jina liko mbele, maoni huandikwa nyuma. Kugeuza karatasi mara sabini na mbili ni kuutesa mkono bure. Nikazilaza zote kifudifudi, nikanakili moja baada ya nyingine huku nikila samaki wadogo, ndagala, kwa mkono wa kushoto. Adhuhuri, kazi kwisha. Esperance alikuwa kwenye mtoto wa kumi na moja.

Alhamisi, 3 Julai
Wazo kubwa. Nimemwomba Direkta kwamba kesho kila mwalimu asome na maoni kwa sauti, si alama tu. Wazazi wasikie nani anajua kuandika! Akaniuliza kama yangu nimeyaandika mwenyewe. Nikamjibu kwamba nimeyaandika kwa mkono huu huu. Si uongo. Amekubali.

Ijumaa, 4 Julai
Balaa! Proklamasyo huita watoto kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho. Na Esperance alizipanga buletini hivyo hivyo: kwa nafasi, si kwa alfabeti kama maoni ya mashine. Nimegundua nikiwa tayari na kipaza sauti mkononi.

Wa kwanza ni Soumaya, asilimia themanini na nane. Bibi yake, Mwantum, alikuja na ukoo mzima, wote vitenge vipya. Nikasoma: "Juhudi ndogo mno. Arudie darasa." Bibi akasimama. "Apana, Mwalimu! Mutoto analala na kitabu, we unasema nini?" Soumaya akaanza kulia. Niliona aibu, aibu ya kweli, masikio yakawaka moto.

Ningenyamaza hapo. Lakini kunyamaza ni kukiri, nikaendelea. Direkta alinivuta koti mara mbili. Nikafika hadi kwa wa mwisho, Uthmani, mwenye tisa kwa mia katika hisabati: "Kipaji adimu cha hisabati. Aandaliwe chuo kikuu." Baba yake, fundi Mohamadi, alipanda jukwaani na ovaroli yake ya gereji akanikumbatia. "Mi sikujuaga, Mwalimu! Nilitaka kumuweka gereji!"

Direkta akaninyang'anya kipaza sauti. Akamwomba Soumaya radhi. Kisha akamtaja prefe. Feni ni ya Esperance.

Jumamosi, 5 Julai
Nimeletewa barua ya Direkta ya kunitaka nijieleze. Nijibu kabla ya Jumatatu, kwa maneno yangu mwenyewe, la sivyo nitaondolewa saba A. Esperance amepita nyumbani. Akasema tuketi wawili tuandike upya maoni yote. Mimi nimweleze kila mtoto, yeye aandike. Akaniuliza tuanze na Soumaya, yukoje darasani. Sikukumbuka hata anapoketi. Nikamwambia nina homa.

Jumapili, 6 Julai
Nimetafakari baada ya misa. Kosa ni la Esperance. Nani alimtuma kupanga karatasi za watu? Barua ya kumjibu Direkta nimeiachia mashine. Imetoa kurasa mbili za maneno yangu mwenyewe, safi sana, sina haja ya kuzisoma. Chini kabisa imeniuliza kama iongeze majuto. Nimeiambia iongeze.