Kubwa ya Shingoni, Ndogo ya Kiganjani

"Iko, Papa Octave! Aparei kubwa iko! Hata sasa ivi minye nasema na weye, iko hapa ku meza!"

Juu ya meza ya Mama Domitille palikuwa na sahani ya maharage, mkasi wa kukatia picha za pasipoti, na simu ile ile aliyokuwa akiisemea kwa spika, yenye kioo kilichopasuka, ambayo tangu mwaka jana ndiyo ilikuwa kamera ya studio yake. Aparei kubwa, yaani kamera ya maana, haikuwapo. Hyacinthe, aliyekuwa akijipitia zake mtaani Kimanga na begi begani, alisikia sauti ile, akachungulia mlangoni, akaona maharage, akaelewa kila kitu. Mtu anayedanganya kwa simu mchana kweupe ana shida, na shida ya namna hiyo haikosi bei.

Jamani, tumtendee haki Hyacinthe. Hakuwa mwizi. Mwizi huvunja mlango; Hyacinthe alibisha hodi, akauliza habari za watoto, akapokea pesa kutoka mikononi mwa watu waliokuwa wanamshukuru. Katika mji mzima wa Uvira hapakuwa na mtu mwenye shati lililopigwa pasi vizuri kama lake.

Ndani ya begi lake mlikuwa na kamera mbili. Ya kwanza ilikuwa kubwa, nyeusi, yenye objektifi, yaani lenzi, ndefu na mkanda mpana wa kuvaa shingoni. Mwenyewe wa zamani alikuwa mgeni mmoja aliyetaka kumpiga kiboko picha karibu na ufuo. Kiboko akageuka kumtazama, mgeni akaruka, kamera ikaingia ziwani. Hyacinthe aliiokota, akaifukia siku tisa ndani ya gunia la mchele, na alipoitoa ikawaka taa, ikalia "klaka!" kwa sauti tamu sana. Ila picha zake zote zilitoka nyeusi tititi. Ya pili ilikuwa ndogo, nyembamba, inaingia mfuko wa shati, haina sauti, na ilipiga picha safi ajabu.

Sasa ujanja wenyewe ulikuwa hivi. Kubwa inawekwa jichoni kwa mkono wa kulia. Ndogo inajificha kiganjani, mkono wa kushoto, pale tumboni. Kubwa inalia klaka, ndogo inapiga kimyakimya. Kwa kuwa kamera zote mbili zilikula kadi za aina moja, Hyacinthe aligeuka kidogo kupuliza vumbi, akatoa kadi ya ndogo, akampa mnunuzi kana kwamba imetoka tumboni mwa kubwa. Alikuwa ameshaiuza ile kubwa mara mbili, mjini Baraka na kule Kamanyola. Mnunuzi alipogundua msiba wake, kwa bahati ya ajabu alikutana na fundi aliyekubali kuinunua kwa bei ya chuma kizee. Fundi huyo alikuwa rafiki wa Hyacinthe. Mzoga ukarudi nyumbani.

"Hodi kwa mama!"

"Karibu, papa. Pasipoti?"

"Hapana, mama. Mimi nauza. Lakini sikuuzii kitu. Nakuletea mbili, uchague weye mwenyewe." Akazipanga mezani, kubwa upande mmoja, ndogo upande wa pili, akasogeza sahani ya maharage kwa heshima zote. Hii ilikuwa falsafa yake kubwa maishani: mtu ukimchagulia atakununia, akichagua mwenyewe atajipongeza.

Mama Domitille alizitazama muda mrefu bila kuzigusa. Shida yake nitaisema wazi. Mwezi uliopita alipanda Lemera kwenye harusi, na simu yake mkononi. Protokole, wale vijana wa glovu nyeupe wanaolinda njia ya katikati kanisani, wakamwona hana aparei ya maana, wakampeleka kukaa nyuma na watoto. Alirudi na picha arobaini za migongo ya watu. Familia ikakataa kumlipa, tena ikasimulia. Sasa Papa Octave wa Sange, mfanyabiashara wa mchele, alikuwa anamuoza mwanawe Jumamosi, naye alisema bila kuzunguka: kamera kubwa, ama namuita Vainqueur. Vainqueur, mpiga picha mwingine, alikuwa na kamera kubwa na kiburi kinacholingana nayo. Akiikamata Sange pia, tambarare yote ya Ruzizi ingekuwa yake, na Mama Domitille angebaki na pasipoti mpaka azeeke. Aliogopa kweli. Siku mbili hakulala vizuri.

"Hii kadogo iko namna gani?" akauliza.

Hyacinthe akacheka kwa huruma. "Hiyo? Mama, hiyo ni mchezo ya watoto. Natembeaka nayo tu ili watu waone tofauti."

"Lakini iko nyepesi. Ku bariere, askari akiona ile kubwa anakuuliza kama weye ni mwandishi wa habari. Kadogo unaweka mu sidiria, unapita. Na vumbi ya Sange inaingia mu objektifi kubwa kama mu nyumba yake."

"Ni kweli, mama, unajua kazi," akasema Hyacinthe, ambaye hakupenda wateja wanaojua kazi. "Lakini sema ukweli wa Mungu: siku ya ndoa, muntu iko na kadogo, protokole anamufanya nini?"

Mama Domitille akakumbuka migongo ya Lemera.

"Na muntu iko na hii kubwa shingoni? Hata pasta anangoja! Anasema 'ninawaunganisha', anakuangalia kwanza kama uko tayari. Hii kubwa hapana kamera, mama. Ni laissez-passer, ruhusa ya kupita."

Hapo, wasomaji wangu, tapeli alisema kweli tupu. Hutokea.

"Piga moja, nione," akasema mama.

Hyacinthe akakusanya kamera zote mbili, "ili zisidondoke," akarudi hatua tatu. Kubwa jichoni, ndogo kiganjani. Klaka! Akageuka, akapuliza vumbi, akatoa kadi. Mama Domitille akaiingiza kwenye kompyuta yake iliyokuwa pale kona. Picha ikajaa kioo: sura yake mwenyewe, rangi nzuri, ngozi inang'aa, kitambaa cha kichwa kinahesabika nyuzi. Kidevu kilionekana sana, na matundu ya pua yalikuwa wazi kama milango ya gereji, lakini picha ilikuwa safi.

Mama Domitille aliitazama. Akamtazama Hyacinthe. Akaitazama picha tena.

"Ni nzuri," akasema. "Kioo ya nyuma mbona umeziba na karatasi?"

"Wataalamu hawaangalie kioo. Wanaangalia ku kompyuta."

"Ah, bon."

Wakaanza bei. Hyacinthe akaanzia juu mawinguni, mama akaanzia chini ya ziwa, wakakutana kwenye dola mia moja na hamsini. Mama akatoa arobaini. "Hii ni avansi. Zingine kisha ndoa ya Sange, Papa Octave akinilipa."

Hyacinthe akajifanya anaumia. Moyoni alikuwa anacheza. Mzoga haukumgharimu kitu, ungerudi kwa fundi baada ya siku chache, na salio hakuwa na mpango wa kulifuata hata kidogo. Akatia arobaini mfukoni. Akanyanyua begi.

"Na matabishi yangu?" akauliza Mama Domitille.

Mnaijua desturi yetu. Ukinunua dagaa, muuzaji anaongeza gao moja juu. Ukinunua maharage, anaongeza viganja viwili. Biashara isiyo na matabishi ni kama salamu isiyojibiwa, na anayekataa kuyatoa husemwa mpaka Kavimvira.

"Matabishi gani, mama? Chukua mkanda, nimekuachia."

"Mkanda ni wa kamera. Nipe hiyo kadogo, mchezo ya watoto."

Hyacinthe akaufunika kwa kiganja mfuko wa shati lake zuri. "Hiyo... hiyo ni ya mtoto wangu."

"Si umesema unatembea nayo tu?" Mama akapaza sauti kuelekea mlangoni. "Annie! Njoo usikie! Papa ameniuzia mashine kubwa hivi, dola mia moja na hamsini, hataki kunipa matabishi!"

Annie, aliyekuwa anakaanga mandazi nje, akaja na kijiko chake mkononi, na wateja wake wanne nyuma yake. "Matabishi unakataa? Mia moja na hamsini? Minye ukinunua mandazi tano nakuongeza moja, na unga umepanda bei! Hii si haya, papa?"

"Shati yote hiyo, na matabishi hana," akasema mteja mmoja akitafuna.

"Basi kama kadogo ina thamani sana," Mama Domitille akasema taratibu, "tuijaribu tena hii kubwa hapa mbele ya watu wote. Mimi mwenyewe nipige. Nisije nikawa nimechagua vibaya."

Hyacinthe aliyapima mambo haraka, maana hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake. Kubwa ikijaribiwa, arobaini zinarudi na kijiko cha Annie kinatumika. Ndogo akiitoa, arobaini zinabaki, na baada ya siku mbili tatu fundi atazirudisha zote mbili pamoja. Akacheka kicheko cha mtu aliyekanyagwa mguu kanisani.

"Mama, nilikuwa nakutania tu! Chukua! Mupe watoto wachezee."

Akaondoka anatembea wima. Kiganja cha kushoto kilikuwa kinawasha.

Alingoja. Jumatano fundi hakuona mtu. Alhamisi hakuna. Ijumaa Hyacinthe alipita Kimanga kwa mbali, akaona Mama Domitille anacheka na Annie, na hilo lilimnyima raha. Bila ile ndogo hakuwa na biashara; angemfanyia nani maonyesho, na nini? Jumamosi akavaa shati safi, akaweka bisibisi mfukoni kama fundi, akapanda gari la kwenda Sange. Mpango ulikuwa mwepesi: mwanamke aliyeaibika mbele ya harusi nzima huuza haraka. Atamkuta analia nyuma ya kanisa, atamfariji, atajitolea kuzichukua zote mbili kwa nauli tu.

Alifika kanisa limejaa. Akajipenyeza dirishani.

Mama Domitille alikuwa anatembea njia ya katikati kama waziri. Kamera kubwa ilikuwa kifuani pake, objektifi mbele. Protokole wa glovu nyeupe walimfungulia njia pande mbili. Mjomba mmoja mnene alisimama mbele yake, akaona ile kubwa, akaomba samahani, akaketi chini kabisa. Pasta alisema "ninawaunganisha", akanyamaza, akamtazama mama. Klaka! Na chini ya ile kubwa, usawa wa kidevu, kati ya vidole vyake, kitu chembamba kilikuwa kinafanya kazi kimyakimya.

Hyacinthe aliduwaa. Ujanja wake ulikuwa unatembea kanisani mbele ya macho yake, na umevaa kitenge.

Alitaka kuondoka, lakini watu walipotoka nje mama alimwona kwanza. "Papa Octave! Papa Octave, kuja! Huyu ndiye aliniuzia hii aparei!"

Papa Octave, mzee wa tumbo la mchele na mkono mzito, akampiga begani. "Ni weye? Leta moja kama hiyo. Hapana, leta mbili, na ya shemeji yangu." Mwenyekiti wa kwaya naye akaitaka. Mwalimu mmoja alikuwa tayari ameshatoa pesa, anazipepea. Maskini Hyacinthe! Maisha yake yote alikuwa akiwinda watu wa namna ile mmojammoja, na leo wamepanga mstari wenyewe, na yeye hana hata kamera mbovu ya kuwauzia.

"Zimeisha," akasema kwa sauti ndogo.

"Basi atupige familia, fundi mwenyewe!" akaamuru Papa Octave. Mama Domitille akamvisha ile kubwa shingoni kwa upole wa mama anayemvalisha mtoto. Hyacinthe angefanya nini? Aseme kamera imekufa? Angekuwa anajishitaki mwenyewe mbele ya watu sitini na mwenyekiti wa kwaya. Akaiweka jichoni. Familia ikatabasamu. Klaka, klaka, klaka! Pembeni yake Mama Domitille alisimama "kuangalia mwanga," mikono kifuani, ndogo ikiwa kiganjani.

"Fundi! Fundi!" watu wakapiga makofi. Bibi harusi akamshukuru kwa machozi. Hyacinthe akainama, na nisiwafiche, alifurahi kidogo.

Halafu akamvuta mama nyuma ya hema. "Ulijua tangu lini?"

"Tangu foto ya kwanza. Miaka kumi na mbili napiga watu sura, papa. Kamera ya jichoni haione matundu ya pua. Ulinipigia ku tumbo."

"Na ulinunua?"

"Nilikuwa natafuta mbili. Kubwa ya kufungua njia, na kadogo ya kupiga. Pesa yangu ilikuwa ya moja."

Hyacinthe akavuta pumzi, akajikusanya, akarekebisha kola. Hakuwa mtu wa kufa bila kujaribu. "Basi mama, biashara ni biashara. Papa Octave amekulipa, nimeona. Nipe salio yangu, dola mia na kumi."

"Nimekuwekea." Mama Domitille akakigonga kifua cha ile kamera kubwa iliyokuwa bado inaning'inia shingoni mwa Hyacinthe. "Iko mule ndani, pamoja na foto zote ulizopiga leo. Ukiweza kuzitoa, chukua."