Mashine ya Makadamia Iliyozaliwa Bandani Kwangu

Jumatatu, 15 Septemba 2025

Wamesema mashine ya Gathoni ni yao! Ngai! Hata chai sijanywa.

Mashine ya kuvunja makadamia. Msichana wangu aliiunda Jumapili nane mfululizo, hapa Gatuanyaga, ndani ya banda la mbuzi. Mbuzi walilala nje. Ganda linapasuka, kiini kinatoka kizima kama yai. Thika nzima hakuna nyingine. Akili amechukua kwangu.

Leo huko kiwandani Ruiru, anakopima makadamia, wamemfungulia mkataba aliotia sahihi mwaka juzi. Ukurasa wa tisa: chochote mfanyakazi atakachobuni kuhusu makadamia, hata akiwa kwao nyumbani, ni mali ya kampuni. Gathoni akaniuliza ni nani alimhimiza atie sahihi upesi kabla hawajabadilisha nia. Nikainuka kuchota maji ya chai. Akauliza sahihi ya shahidi hapo chini ni ya nani.

Yangu. Majina yote matatu, na mstari chini yake. Siku hiyo nilijivunia sana.

Walijuaje habari za mashine? Sijui. Labda ile picha niliyotuma kwenye kundi la akina mama wa kanisa. Na ile ya pili. Na video.

Jumanne, 16 Septemba

Nimeificha mashine! Stoo ya jirani, Mama Gichuru, chini ya nyasi za ng'ombe. Nikamwapisha asiseme. Akasema yeye si mtu wa maneno, ila nimpongeze, Gichuru wake amefanywa msimamizi wa malori. Nikauliza malori ya nani.

Ya kiwanda kile kile. Woi!

Nikaisukuma tena kwa mkokoteni hadi bandani. Mbuzi wakaniangalia kama mwizi.

Alhamisi, 18 Septemba

Nimeenda Ruiru mwenyewe. Kitambaa kipya cha kichwa, viatu vya harusi. Wakili wa kampuni anaitwa Musembi, mpole tu. Alipofika ukurasa wa tisa nikamkatiza. Nikamwambia Gathoni ana mikono, lakini wazo ni la nani? Ni mimi niliyemwonyesha bawaba ya mlango wa banda, ambapo tumebana makadamia miaka yote. Nikamwambia nyundo inaponda, mlango unabana, tengeneza kama mlango. Huyo mtoto aliiga tu!

Kalamu ikamponyoka. Akauliza kama nimewahi kuajiriwa na kampuni. Nikamwambia sijawahi, na hata wakiniomba sitaki. Akatoka kupiga simu, akarudi jasho likimtoka.

Kumbe ukurasa wa tisa unamfunga mfanyakazi. Haumfungi mama yake!

Na watu husema kujisifu ni dhambi.

Gathoni alilia kwa furaha. Akanishika mikono yote miwili, akaniita maitu, mama yangu, akasema Jumatatu tunaona wakili wetu, mpaka hapo usitie sahihi kitu chochote, hata risiti. Nikaapa kwa Biblia.

Ijumaa, 19 Septemba

Siamini! Mkurugenzi mwenyewe amekuja kwangu! Kwa vumbi hili la Gatuanyaga! Mama Gichuru alikuwa uani akianika nguo zilizokauka tangu asubuhi.

Mkurugenzi akasema kampuni imeona aibu kukaa bila kuniheshimu. Nitaitwa Mama Mbunifu. Picha yangu itawekwa ukutani, mlangoni kabisa, kubwa kuliko yake! Kuna karatasi ndogo tu ya kutia sahihi. Ndogo, kurasa kumi na mbili.

Najua Gathoni alisema nini. Lakini alisema kuhusu mashine. Hii ni ya picha. Tena miwani ilikuwa ndani, na mgeni amesimama juani.

Nimetia. Majina yote matatu, na mstari. Shahidi ni Mama Gichuru. Alitia bila kuniangalia usoni. Wivu!

Gichuru, aliyekuja na mkurugenzi, akaipakia mashine kwenye lori la kiwanda. Eti inaenda kuoshwa ipendeze kwenye sherehe. Watu waungwana hawa.

Gathoni bado yuko kazini. Atashtuka vile atafurahi! Nimeshatangaza kwenye kundi: picha inafunuliwa Jumamosi tarehe 27, saa nne asubuhi, mlangoni pa kiwanda. Asikose mtu.