Sauti Zinazotakiwa Beijing

Kaleb wa Kilole alijaliwa kipaji kimoja, mdomo, na kwa kukiheshimu hakufanya kazi nyingine yoyote. Siku moja akisubiri basi pale Mkata aliona wauza mihogo wamewasahau wateja, wameinamia simu moja, wanafuatilia tamthilia ya Kichina iliyotiwa sauti za Kiswahili. Mama mkwe wa kifalme alikuwa akimsuta mkamwana kwa Kiswahili fasaha kuliko cha diwani. Kaleb hakupanda basi.

Jumatatu aliingia kijiji cha Misima, Handeni, na pikipiki, ndani ya suti, shingoni kitambulisho chenye picha ya joka alichochapisha steshenari. Alijiita Mkurugenzi Gerald. Akawaeleza akina mama kwamba Wachina wana picha nyingi ila wameishiwa sauti, na sauti zinazotakiwa Beijing ni za Handeni tu. Ada ya usaili, jogoo mmoja. Kampuni ya Beijing ina shida gani na jogoo, hakuna aliyeuliza. Anayekwenda ng'ambo haulizi vitu vidogo. Kufika adhuhuri, majogoo kumi na wanne walikuwa wamefungwa nyuma ya pikipiki.

Wa mwisho alikuja Bibi Zamda, mjane wa makamo, mikono mitupu. Kaleb akamwamkia shikamoo kwa adabu zote, kisha akamuuliza jogoo yuko wapi.

"Jogoo yupo, mwanangu. Ila mimi sijawahi kuigiza, nionyeshe kwanza. Mimi malkia, wewe tapeli uliyekamatwa. Haya, jina lako halisi nani, na umewafanya nini watu wangu?"

Maishani mwake Kaleb hakuwahi kupewa nafasi nono namna hiyo. Akapiga magoti vumbini. Akataja jina lake la kweli, akataja Kilole, akakiri hakuna Beijing wala usaili, na majogoo wanakwenda kuuzwa Korogwe. Alilia machozi ya kweli. Watu wakapiga makofi, kisha makofi yakakatika ghafla, maana walikuwa wamesikia.

Bibi Zamda akatoa simu kwenye kanga. Alikuwa amerekodi yote, na mtendaji wa kijiji alikuwa ameshatumiwa rekodi hiyo. Ufunguo wa pikipiki ukachukuliwa, majogoo wakafunguliwa, kila mmoja akarudi kwa mwenyewe. Kisha simu ikaita.

"Mtendaji anasema upepo umeharibu sauti," Bibi Zamda alisema. "Anaomba urudie."

Kaleb akajipangusa pua, akarekebisha tai, akauliza kama alie tangu mwanzo.