Daraja la Mwabujiku Lipo

Umma unatangaziwa kuwa Daraja la Mwabujiku limekamilika kwa asilimia mia moja. Hivyo ndivyo nilivyoandika mimi, Herman, Afisa Habari wa Wilaya, na sioni kosa langu. Kazi yangu ni kuandika habari kabla tukio halijatokea. Habari inayosubiri tukio huchelewa, na ofisi yetu haivumilii uchelewaji.

Limi Bujiku aliujua utaratibu huu vizuri. Miaka tisa aliandika habari za siasa kwenye gazeti moja la Shinyanga. Alipanda misafara yetu, akanywa soda zetu, akachapa taarifa zangu bila kugusa hata nukta. Nilimpenda kama dada. Ghafla akaacha kazi, akafungua redio ya mtandaoni na kujiita mwandishi wa kujitegemea. Kujitegemea tumekuhimiza sana vijijini, lakini waandishi hatukuwakusudia. Sababu yake, eti, ni Melania, mama Luka, aliyejifungulia ukingoni mwa mto siku ambayo gazeti lilisema daraja linapitika.

Sasa redio yake inasikilizwa na wachimbaji wa Geita na madereva wa malori ya Isaka. Mwezi huu akatangaza: "Mwabujiku hakuna daraja. Kuna nguzo mbili na bango."

Tukaunda Kamati ya Kuthibitisha Uwepo wa Daraja. Kamati ilikutana ukumbini mara tatu na kuthibitisha. Limi akapewa mpaka Ijumaa awe ameomba radhi, la sivyo redio ifungwe.

Alhamisi, Mkuu wa Wilaya, Mheshimiwa Deusdedit, akaamua kumaliza ubishi kwa kulivuka mwenyewe. Asubuhi nilituma taarifa: "Mkuu wa Wilaya avuka, wananchi walipuka kwa furaha." Saa nane kamili redio za mjini ziliisoma. Saa nane na dakika tano gari letu lilikuwa limekwama katikati ya mto, maji yakiingia milangoni.

Ng'ambo alisimama mzee Maduhu na maksai wake wanne. Pembeni yake walikuwepo Melania, mtoto mgongoni, na Limi, suruali kaikunja magotini.

"Shikamoo mzee!" niliita. "Funga kamba utuvute!"

"Marahaba. Ninyi akina nani?"

"Msafara wa Mkuu wa Wilaya!"

"Hapana, ng'wana wane, mwanangu. Mheshimiwa alishavuka, redio imesema. Mimi ni nani hata nibishane na serikali?"

Mheshimiwa akapiga simu mkoani. Wakampongeza kwa kuvuka, wakakata.

Maji yalifika kwenye viti. Niliogopa, sifichi, maana kuogelea sijui.

"Mama, mwambie huyu mzee," Mheshimiwa alimsihi Melania.

"Mimi nililala hapo kwenye mchanga, baba, nashikwa na uchungu, na gazeti linasema nimepita darajani," alijibu. "Mwambie Limi. Akisema yeye, tutaamini."

Limi akainua simu yake. "Tuko hewani. Mheshimiwa, daraja lipo?"

Nilimnong'oneza bosi wangu: "Sema lipo katika hatua za mwisho za kuonekana." Akanitazama kama anayetazama kupe.

"Halipo!" akapiga kelele. "Halijawahi kuwepo! Tuvuteni jamani, tunakufa!"

Maduhu akafunga kamba bila haraka. Mheshimiwa akaomba avutwe kurudi upande wa mjini.

"Ng'ombe wako huku," mzee alijibu, "na huku ndiko watakakokuvutia."

Basi tuko Mwabujiku, siku ya tisa leo. Mvua haijakatika, mto umefurika, na njia nyingine ya kurudi mjini haipo. Kikao cha Ijumaa cha kuifungia redio ya Limi kiliahirishwa kwa kuwa mwenyekiti wake, Mheshimiwa mwenyewe, alishindwa kufika. Mafundi waliwasili ng'ambo ya pili asubuhi iliyofuata, saruji ikaja mchana wake, kasi ambayo wilaya yetu haijapata kuiona. Wanasema kazi itachukua miezi minne.

Mheshimiwa huamka kabla yao. Husimama ukingoni, suruali kaikunja magotini, akiwapigia kelele waongeze zege, na Limi hurusha kila neno.