Pumzi za Harusi ya Eveline

Jumatatu, 4 Julai 1994
Kifua kimebana tangu alfajiri. Nimechoka hata kuchoka. Jumamosi Eveline, binti wa dada yangu, anaolewa, na kwetu mjomba ndiye humkabidhi bibi harusi kwa maneno. Maneno ninayo! Mimi niliyemkemea kiboko kivukoni akarudi majini kwa aibu! Pumzi ndiyo sina. Dada Kandida kaniambia wazi: nikianza kukohoa tu, atasimama mdogo wetu Kasmiri. Kasmiri! Mtu wa kutangaza misiba!

Jumanne, 5 Julai
Kliniki. Muuguzi Agnella katukalisha benchi moja, wazee wenye pumu. (Wazee! Mimi nina hamsini na mbili.) Akasema tulegeze mabega, tuvute hewa kwa pua taratibu, tuitoe kwa mdomo uliobanwa, kama mtu anapoza uji. Nikaelewa papo hapo. Alipoanza habari za vumbi na moshi, nikaondoka. Hayo ni ya wasioelewa haraka.

Jumatano, 6 Julai
Kupuliza hewa tupu ni uvivu. Digna, mke wangu, alikuwa anapepeta mchele wa harusi. Nikamwambia ashushe ungo, pumba nitapuliza mimi kwa mdomo. Zoezi na kazi, pamoja! Akajibu: haya Baba Beatus, angalia isije pumba ikakupuliza wewe. Wanawake na sayansi! Ungo wa kwanza, safi. Wa pili, kuku walikimbia. Wa tatu sikuuona.

Alhamisi, 7 Julai. Saba Saba
Kitandani. Kifua kinapiga filimbi, sikukuu imenipita dirishani. Digna kanivutisha dawa. Agnella kaja, kaona pumba kwenye masharubu yangu, kasema tu shikamoo mwalimu. Sikuitikia. Sikuwa na pumzi. Kasmiri naye kaja kunipa pole. Kumbe anakariri hotuba uani kwangu!

Jumamosi, 9 Julai
Nikasimama. Nilikuwa na kisa cha kiboko, na cha babu na simba. Kasmiri akanitazama kama fisi anayengojea mzoga. Mabega yakalegea, nikavuta kwa pua, nikatoa kwa mdomo uliobanwa. Wakadhani nazuia machozi. Nikasema Eveline ni mwanetu, mtunzeni. Pumzi ikaishia hapo. Nikakaa.
Vigelegele! Dada analia. Mzee Polikarpo, babu wa bwana harusi, akasema tangu azaliwe hajamsikia mjomba wa maneno machache na mazito hivyo. Kasmiri akakunja makaratasi yake akayarudisha mfukoni.

Jumapili, 10 Julai
Hoi, lakini nasifiwa. Baada ya misa wakaniuliza siri. Agnella akafungua mdomo, nikamtangulia: siri ni pumba. Mzee Polikarpo naye kumbe ana pumu. Anakuja kesho asubuhi kufundishwa. Nimemkataza Digna kupepeta. Mgeni wa heshima apewe ungo wenye vumbi zaidi.